Uniti Zinazoishia Kuwa Joto

Mashine ya kusaga nafaka hula umeme na kutoa unga, pampu hula umeme na kupandisha maji, na ingawa zote mbili hupata moto zinapofanya kazi, kazi iliyofanyika huonekana kwa macho. Kompyuta ni mashine ya aina nyingine. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto, kwa kuwa kuhesabu, kulinganisha na kuhifadhi taarifa si kubeba wala kuinua kitu, bali ni kufungua na kufunga mabilioni ya swichi ndogo mno ziitwazo transista, na kila swichi inapogeuka hupoteza chembe ya nishati. Kwa jicho la mwanafizikia, basi, jumba lililojaa kompyuta halitofautiani sana na jumba lililojaa pasi zilizowashwa usiku na mchana, isipokuwa kwamba pasi hizi, kabla ya kupasha hewa, huwa zimekwisha kutuma fedha, kutafuta picha, kutafsiri barua au kujibu swali la mwanafunzi.

Majumba hayo huitwa vituo vya data. Ndani yake husimama safu kwa safu za makabati ya chuma yaliyopangwa seva, yaani kompyuta zisizo na kioo wala kibodi ambazo kazi yake ni kuhudumia simu na kompyuta za watu walio mbali, na nje yake huonekana transfoma, matangi ya dizeli, jenereta za akiba na mitambo ya kupoza inayonguruma bila kupumzika. Neno “wingu”, ambalo kampuni zinazouza huduma hizi zililieneza hadi likazoeleka, limefanikiwa mno kulificha jambo hili, kwa maana halimwonyeshi mtumiaji kiwanja, nyaya wala bili. Faili inayosemwa kuwa imehifadhiwa winguni imo katika diski fulani, ndani ya jengo fulani, katika wilaya fulani ambayo wakazi wake wanavuta umeme kutoka gridi ileile.

Ukubwa wa matumizi hayo unaeleweka vizuri zaidi kwa kipimo ambacho kila mwenye mita ya LUKU au ya tokeni anakijua. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000, kama pasi, kikiwaka saa nzima. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati zilizotolewa Aprili 2025, vituo vya data duniani vilitumia takriban uniti bilioni 415 mwaka 2024, ambazo wataalamu huziita terawati-saa 415, na shirika hilo linakadiria kwamba ifikapo 2030 kiasi hicho kitafika terawati-saa 945, zaidi kidogo ya umeme wote unaotumiwa na Japani leo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lilikusudiwa kuzalisha karibu terawati-saa 6 kwa mwaka wa kawaida. Kwa hiyo yangehitajika mabwawa ya namna hiyo takriban 70 kuviendesha vituo vilivyokuwepo mwaka 2024 peke yake.

Hata hivyo, terawati-saa 415 ni asilimia 1.5 tu ya umeme wote wa dunia, na watetezi wa sekta hiyo hawachoki kuitaja asilimia hiyo. Ni asilimia ya kweli, ila haisemi mzigo umetua wapi. Marekani peke yake ilichukua asilimia 45 ya matumizi hayo, China asilimia 25 na Ulaya asilimia 15, kwa hiyo nchi nyingine zote, Afrika nzima ikiwamo, zilibakiwa na kiasi kinachokaribia asilimia 15. Hata ndani ya Marekani na Ulaya vituo havikusambaa sawasawa, bali vimebanana katika wilaya chache zenye nyaya nzuri za mawasiliano, kodi nafuu na ardhi tambarare, na huko ndiko hesabu ya asilimia inapobadilika kuwa suala la nani apate umeme kwanza.

Kabla ya kufika huko, inafaa kueleza kwa nini suala hili limeibuka sasa, ilhali kompyuta zimekuwepo kwa takriban miaka 80. Mashine ya ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali za umeme zipatazo 18,000, ilihitaji takriban kilowati 150 na iliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde; simu ya mkononi ya leo hufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde kwa wati chache. Mtafiti Jonathan Koomey na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba tangu miaka ya 1940 idadi ya hesabu zinazofanyika kwa uniti moja ya umeme ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka mmoja na nusu hivi. Hakuna injini, taa wala jiko lililowahi kupiga hatua ya namna hiyo. Sababu moja kubwa ilielezwa mwaka 1974 na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyebainisha kwamba transista inapofanywa ndogo zaidi, volti na mkondo inavyohitaji hupungua kwa kiasi kilekile, hivi kwamba chipu yenye transista nyingi zaidi haipati joto zaidi kuliko ile ya awali yenye ukubwa uleule. Ilipofika karibu mwaka 2005 mambo yaligota: transista zilikuwa zimekuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa, volti haikuweza kushushwa tena bila kuharibu kazi, na tangu hapo kila kizazi kipya cha chipu kimekuwa kikidai umeme zaidi au kupozwa zaidi.

Kwa muda, hata hivyo, dunia haikuhisi mabadiliko hayo, kwa sababu uokoaji ulipatikana kwingine. Kampuni na ofisi nyingi zilikuwa na vyumba vyao vya seva, vilivyopozwa ovyo na kufanya kazi sehemu ndogo tu ya uwezo wao, na kazi hizo zilipohamishiwa katika vituo vikubwa, ambako seva moja hugawanywa kwa programu ifanye kazi za seva nyingi, matumizi yalipungua sana. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya 2010 na 2018 kazi iliyofanywa na vituo vya data duniani iliongezeka kwa asilimia 550, ilhali umeme wao uliongezeka kwa asilimia 6 tu. Takwimu hii ilileta utulivu mkubwa, na pengine utulivu huo ulizidi kipimo, kwa maana faida ya kuhama kutoka chumba kibovu kwenda kituo kizuri hupatikana mara moja tu.

Nchini Marekani mchoro wa matumizi umeinuka kwa kasi. Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, katika ripoti yake ya Desemba 2024, ilieleza kwamba vituo vya nchi hiyo vilitumia terawati-saa 58 mwaka 2014 na terawati-saa 176 mwaka 2023, sawa na asilimia 4.4 ya umeme wote wa taifa hilo, na kwamba ifikapo 2028 sehemu hiyo huenda ikawa kati ya asilimia 6.7 na 12. Upana wa makadirio hayo wenyewe ni habari: wataalamu walewale, wakiwa na takwimu zilezile, hawawezi kusema kama sehemu hiyo itaongezeka kwa nusu tu au itakaribia kuwa mara tatu, kwa sababu jibu linategemea akili mnemba.

Akili mnemba ya aina iliyoenea baada ya ChatGPT kuzinduliwa mwishoni mwa 2022 inaendeshwa na modeli, yaani mkusanyiko mkubwa wa namba, mara nyingi mabilioni kwa mabilioni, ambazo hurekebishwa kidogokidogo wakati modeli inaposomeshwa maandishi mengi. Kila neno ambalo modeli hiyo inaliandika hupatikana kwa kuzidisha na kujumlisha sehemu kubwa ya namba hizo upya, kazi ambayo hufanywa na chipu zilizobuniwa awali kwa ajili ya michoro ya michezo ya kompyuta, kwa kuwa hizo huweza kufanya maelfu ya hesabu kwa wakati mmoja. Chipu moja ya aina ya H100 ya kampuni ya Nvidia huweza kuvuta wati 700. Kabati la kawaida la seva lilikuwa likihitaji kilowati 5 hadi 10, ilhali makabati mapya yanayobeba chipu 72 za akili mnemba huhitaji karibu kilowati 120, mfano wa pasi 120 zilizowashwa kwa pamoja ndani ya kabati moja la nguo. Feni haziwezi kuliondoa joto hilo. Maji au kimiminika kingine hulazimika kupitishwa katika mabomba hadi juu ya chipu zenyewe.

Kusomesha modeli moja ya GPT-3, ambayo kwa viwango vya leo ni ndogo, kulikadiriwa na watafiti kutumia uniti 1,287,000. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo cha wateja wadogo wa majumbani nchini Tanzania, ingekaa na kiasi hicho kwa zaidi ya miaka 1,400. Kwa upande wa matumizi ya kila siku, kampuni ya Google ilitangaza Agosti 2025 kwamba swali la kawaida la maandishi kwa Gemini hutumia wati-saa 0.24, umeme wa kuwasha taa ya wati 10 kwa dakika moja na nusu hivi, na kwa hesabu hiyo uniti moja hutosha maswali 4,000 na ushei. Ni kidogo sana kwa mtu mmoja. Lakini hesabu hiyo ni ya maandishi mafupi, wala haigusi video, wala kazi ndefu ambazo modeli huzifanya kwa kujiuliza na kujijibu mara nyingi kabla ya kutoa jawabu, na inahusu maswali yaliyoulizwa na watu, wakati ambapo programu nyingi sasa huiuliza mashine maswali zenyewe bila mtu kugusa kibodi. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865 kwamba injini za mvuke zilipopunguza ulaji wa makaa ya mawe, Uingereza haikuchoma makaa machache bali mengi zaidi, kwa kuwa injini nafuu zilipata kazi kila mahali. Hakuna dalili kwamba chipu zitafuata desturi tofauti.

Joto lote hilo lazima liondolewe, na kuliondoa kuna gharama yake. Wataalamu hupima kwa uwiano: umeme wote ulioingia jengoni hugawanywa kwa umeme uliozifikia kompyuta. Uwiano wa 2 humaanisha kwamba kwa kila uniti ya kuhesabu, uniti nyingine imeliwa na viyoyozi, taa na vifaa vya umeme vyenyewe. Vituo vya Google kwa wastani hufikia takriban 1.1, ingawa wastani wa sekta kwa miaka kadhaa umeganda kwenye 1.5 na kitu. Njia mojawapo ya kuushusha ni kupoza kwa kuvukiza maji, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, na hapo umeme uliookolewa hulipwa kwa maji. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimboni Oregon, vituo vya Google vilitumia zaidi ya lita bilioni 1.3 mwaka 2021, zaidi ya robo ya maji yote ya mji, na takwimu hiyo haikujulikana kwa wananchi ila baada ya mvutano mahakamani kuhusu kama ni siri ya biashara.

Nchi inayofundisha zaidi kuhusu mzigo unaotua mahali pamoja ni Ayalandi. Kodi yake nafuu kwa kampuni, hali ya hewa ya baridi na nyaya za baharini ziliifanya iwe makao ya Ulaya ya kampuni kubwa za Marekani, na vituo vikajengwa kuuzunguka mji mkuu wa Dublin. Mwaka 2015 vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi. Mwaka 2023, kwa mujibu wa ofisi ya taifa ya takwimu, vilitumia asilimia 21, wakati nyumba zote za mijini zilitumia asilimia 18. Mamlaka ya udhibiti ilielekeza mwaka 2021 kwamba maombi mapya yaangaliwe kwa kuzingatia mahali kituo kitakapojengwa, kama kitakuwa na uzalishaji wake wenyewe, na kama kitakuwa tayari kupunguza matumizi gridi inapozidiwa, na muda si mrefu kampuni ya gridi ikaashiria kwamba eneo la Dublin halingepokea maunganisho mapya hadi karibu 2028. Kwa namna fulani milango ilifungwa baada ya wageni kujaa sebuleni. Jambo moja la kupendeza, japo dogo, ni la kitongoji cha Tallaght, ambako joto la kituo cha Amazon limekuwa likipasha majengo ya umma tangu 2023.

Kaskazini mwa jimbo la Virginia, karibu na Washington, msongamano ni mkubwa zaidi. Vituo vya jimbo hilo vilichukua takriban robo ya umeme wake wote mwaka 2023, na huko ndiko ilikodhihirika kwamba tatizo si wingi wa umeme pekee bali pia tabia ya mteja anayeutumia. Gridi huishi kwa mizani: umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa kila sekunde, na ukizidi au kupungua ghafla, volti na masafa huyumba. Tarehe 10 Julai 2024 hitilafu katika laini ya kilovolti 230 ilisababisha volti kushuka mara kadhaa kwa muda mfupi, na vituo vipatavyo 60, kila kimoja kikijilinda kama kilivyopangwa, vikajiondoa gridini na kuhamia kwenye umeme wao wa akiba. Takriban megawati 1,500 za matumizi zikatoweka kwa pamoja, kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya mahitaji ya juu ya Kenya nzima, na waendesha gridi walilazimika kupunguza uzalishaji haraka ili volti isipande kupita kiasi. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja alifanya lililo bora kwake.

Gharama nayo imeanza kusambaa. Katika soko la umeme linalohudumia Virginia na majimbo mengine 12 pamoja na Washington, mnada wa Julai 2024 wa kuhakikisha uwezo wa kuzalisha ulipandisha bei kutoka dola 28.92 hadi dola 269.92 kwa megawati kwa siku, na ongezeko la vituo vya data likatajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Kampuni za teknolojia, kwa upande wao, zimeanza kutafuta mitambo ya kuzalisha umeme kama wakulima wanavyotafuta chemchemi: Septemba 2024 Microsoft iliingia mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa kinu cha nyuklia cha megawati 835 huko Three Mile Island, kilichofungwa 2019 kwa sababu za kibiashara, jirani na kinu kilichopata ajali maarufu ya 1979. Kinu hicho kimepewa jina jipya, jambo ambalo halishangazi. Zaidi ya hayo, dai la kampuni kwamba hutumia umeme safi kwa asilimia 100 linapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi ni hesabu ya mwaka mzima: umeme wa jua ulionunuliwa mchana hufidia kwenye karatasi umeme wa gesi uliotumika usiku. Google ilikiri mwaka 2024 kwamba hewa chafu yake ilikuwa imepanda kwa asilimia 48 tangu 2019.

Katika Afrika Mashariki mzigo wa kompyuta kwa muda mrefu ulibebwa ugenini. Hata mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa nyumbani mwaka 2015, na kabla ya hapo mama wa Kisumu aliyemtumia mwanawe fedha aliwasha, bila kujua, transista za Ulaya. Sheria za kulinda taarifa binafsi, nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia 2009, na haja ya huduma za haraka zimevuta vituo karibu. Pengine kompyuta huufuata umeme ulipo: nchini Kongo, hifadhi ya wanyama ya Virunga imekuwa ikitumia umeme wa maji wa mtambo wa Luviro kuchimba sarafu ya bitcoin, kazi ambayo nayo ni kuhesabu tu, kwa sababu umeme huo ulipatikana kabla ya nyaya za kuufikisha vijijini kukamilika.

Mpango mkubwa kuliko yote ulitangazwa Mei 2024, wakati Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilipoeleza nia ya kuwekeza dola bilioni 1 nchini Kenya, pamoja na kituo huko Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa jotoardhi, yaani mvuke wa moto unaotoka chini ya ardhi. Ilikusudiwa kianze na megawati 100 na hatimaye kiweze kufika megawati 1,000. Mahitaji ya juu ya nchi nzima yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo jotoardhi ndiyo chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Mvuke haulali, lakini wananchi hulala, kwa hiyo usiku wa manane mitambo hupunguzwa kasi na mvuke mwingine kuachwa uende angani. Kwa saa hizo kituo cha data ni mteja wa kutamanika, anayelipia kile ambacho kingepotea.

Saa nyingine ni tofauti. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku watu hurudi nyumbani, taa na majiko huwashwa, na viongozi wa serikali wamekiri hadharani kwamba katika saa hizo baadhi ya maeneo hukatiwa umeme ili mengine yapate. Kituo cha megawati 1,000 kisichoguswa na mgao huo kingebadilisha kabisa maana ya zamu. Kituo kinachokubali kupunguza matumizi, kwa masharti yanayofanana na yale ambayo Ayalandi iliyaandika ikiwa imechelewa, kingekuwa jirani anayevumilika. Kiufundi jambo hilo linawezekana kwa sehemu ya kazi zake, kwa maana kusomesha modeli ya akili mnemba kunaweza kusitishwa saa 1 jioni na kuendelezwa saa 5 usiku pasipo yeyote kulalamika, jambo ambalo haliwezekani kwa malipo ya mtu aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa akisubiri ujumbe uingie.